Sukari ya Sindano

Jedidah Nyanchoka alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja likasikika. Kanisani kwao Rangwe ndiye aliyeongoza idara ya afya na kiasi, na kila robo ya mwaka alisimama mbele ya waumini akaeleza madhara ya pombe kwa ufasaha mkubwa, hata watu ambao hawajawahi kuionja wakajikuta wanaona kizunguzungu. Mumewe, James Monari, ndiye aliyekuwa ushahidi wake. Zamani James alikuwa mnywaji wa busaa wa kupigiwa mfano, mtu wa kuingia kilabuni na mrija wake mwenyewe, mpaka siku Jedidah alipomfuata huko huko, akamnyang'anya ule mrija mbele ya wenzake na kuuvunja kwenye goti. Tangu hapo James hakunywa tena kitu chochote kilichouzidi uji wa wimbi.

Wawili hao walitoka milima ya Kisii, wakanunua shamba Rangwe, wakapanda michungwa. Ng'ambo ya ua aliishi Willis, Mkatoliki, mzaliwa wa Sindo, aliyekuwa mvuvi kabla ya kuhamia bara. Ukimuuliza kwa nini aliacha ziwa, alijibu kwamba yeye hakuwakimbia samaki, samaki ndio waliomkimbia. Naye pia alikuwa na michungwa, na ubaya wa mambo ni kwamba miche ya nyumba zote mbili ilinunuliwa kitalu kimoja huko Migori, ikaja kwa gari moja, ikapandwa wiki moja. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusingizia mbegu. Chungwa la mmoja likiwa tamu kuliko la mwenzake, tofauti ni mkono wa mkulima, basi.

"Mama Orina!" Willis angeita juu ya ua, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Hizo ndimu zako zinaendeleaje?"

"Ndimu ni za kwako, Baba Lorine. Nimesikia hata nguruwe wako wamezikataa."

Walitaniana hivyo miaka nenda miaka rudi bila mtu kuumia. Kisha chama cha wakulima wa matunda kikaja na wazo lake.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri tu. Chama kingeandaa siku ya machungwa katika uwanja wa soko la Rangwe. Kila mkulima angeleta matunda yake, mwamuzi angeyapima, na mti utakaoshinda ungekatwa vitawi vya kupandikizia miche mipya ya kugawiwa wanachama wote. Ili pasiwe na mtu wa kulalamika kwamba fulani amependelewa na binamu yake, mwamuzi angetoka Migori. Mpaka hapo Jedidah alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Ndipo katibu akaongeza kwamba hiyo miche mipya itaitwa kwa jina la mwenye mti.

Jina! Jedidah alirudi nyumbani akiwaza watu kutoka Rangwe hadi Homa Bay mjini wakiulizana sokoni, "Hizi ni Willis?" "Ndiyo, ni Willis tupu, onja." Moyo ulimkataa kabisa.

Akaenda kuikagua michungwa yake. Matunda yalikuwa makubwa, lakini kijani kibichi kutoka juu hadi chini. Kule kwao milimani chungwa likiiva hugeuka manjano, kila mtoto anajua, na haya hayakuwa na dalili ya kugeuka. Jedidah akaona siku zinamkimbia. Akafanya kama alivyofanya na ndizi maisha yake yote: akayachuma yangali kijani, akayatia guniani pamoja na ndizi zilizoiva, akafunga, akaliweka gunia kwenye stoo ya mabati.

Alipolifungua alipiga kigelegele peke yake. Yamekuwa manjano! Manjano ya kung'aa, ya kuchorwa kwenye kalenda. Akachukua moja, akalikata, akauma. Jicho la kushoto likajifunga lenyewe. Akauma tena, pengine ni lile moja tu. La kulia nalo likajifunga.

Jumapili hiyo Beverly, mke wa mwanawe Orina, alikuja kuwasalimia. Beverly alikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya wasichana upande wa Asumbi, na Jedidah alimpenda kwa sababu ukimuuliza kitu alikujibu, hakukuambia uende ukasome.

"Mwanangu, onja hii uniambie ina ugonjwa gani."

Beverly akaonja, akakunja uso, akacheka. "Haina ugonjwa, Mama. Ulichuma mapema."

"Na ndizi je? Si tunakata kijani na zinakuja kuwa tamu?"

"Ndizi imejiwekea akiba. Inakatwa ikiwa imejaa wanga ndani, na hata ikiwa guniani inaendelea kuuvunja huo wanga, unakuwa sukari. Chungwa halina hiyo akiba. Sukari yake inatengenezwa kwa majani, inapitia kikonyo, inaenda kukaa kwa hivi vifuko vidogo unaona hapa." Akapasua kipande, akamwonyesha vile vifuko vya maji vilivyolala sambamba. "Siku ulikata kikonyo, ulifunga mfereji. Sukari haiingii tena."

"Na mbona imekuwa manjano?"

"Hiyo ni ganda tu. Ndizi mbivu inatoa hewa fulani, hiyo hewa inaondoa ukijani. Huko Kisii baridi ya usiku ndiyo inafanya hiyo kazi. Huku kwetu usiku ni joto, Mama, chungwa linaweza kuiva kabisa na bado ni kijani."

Jedidah akalipapasa lile ganda la manjano. Habari hiyo ilimuuma kuliko ule uchachu. "Na huu ukali umetoka wapi?"

"Asidi. Chungwa likiwa changa linajaza asidi kwa hivyo vifuko. Sasa likiachwa mtini linaitumia pole pole, hivi tunavyotumia chakula kupata nguvu, na sukari nayo inazidi kuingia. Moja inashuka, nyingine inapanda, hapo ndipo utamu unatoka. Hata likishachumwa bado linapumua, asidi inapungua kidogo. Lakini sukari mpya, hapana."

"Linapumua?"

"Linapumua."

Jedidah akalitazama chungwa lililokuwa mkononi mwake kama mtu aliyegundua kwamba mgeni aliyemdhani amelala alikuwa akisikiliza mazungumzo yote.

"Kwa hivyo," akasema taratibu, "shida yote ni mlango wa sukari umefungwa."

"Ndiyo, Mama. Hapo hakuna la kufanya. Peleka yale yamebaki mtini, hata kama ni kijani."

Ushauri ulikuwa huo, umenyooka, hauna kona. Lakini mtini yalikuwa yamebaki machache tu ya kileleni, tena yana madoa, na Jedidah alikuwa amekwisha kuyaona akilini haya ya manjano yakiwa yamepangwa juu ya kitambaa cheupe mbele ya watu. Tena yeye hakuwahi kuuona mlango uliofungwa akashindwa kutafuta dirisha.

Kesho yake akaingia duka la dawa za mifugo, akaomba bomba la sindano.

"Ng'ombe anaumwa nini, Mama?" akauliza muuzaji.

"Amepungukiwa nguvu."

"Nikupe na dawa?"

"Dawa ninayo nyumbani," akasema Jedidah, na huo haukuwa uongo, maana sukari ilikuwa kabatini.

Akamtuma James mtoni kukata nyasi. Akachemsha maji ya sukari mpaka yakawa mazito, akayaacha yapoe, akaingia stoo na kufunga mlango. Kazi ilikuwa ndogo na nzuri. Sindano iliingia pembeni ya kikonyo, mahali ambapo hata mwenye macho makali asingeona kitundu, na sukari ikapita ndani taratibu huku chungwa likivimba kidogo mkononi. Akaziba kila kitundu kwa tone la nta ya mshumaa. Alipomaliza safu ya kwanza alijaribu moja, na macho yote mawili yakabaki wazi. Tamu! Akajikuta anaimba wimbo wa kuabudu, akaona haya, akaugeuza kuwa wa watoto.

Siku ya machungwa ilikuwa bado haijafika. Jua la Rangwe nalo halikuwa na haraka ya kwenda popote. Liliyapiga mabati ya ile stoo kutwa, ndani kukawa joto la kuoka mkate. Jedidah alipoingia kuyatazama matunda yake alisikia sauti ndogo, tsss, akadhani ni mjusi. Akasogea. Nta ya chungwa moja ilikuwa imefumuka, na pale kwenye kitundu palikuwa na povu dogo linalopanda na kushuka.

Mtu mwingine angeshtuka. Jedidah alitabasamu. "Ni kweli linapumua," akasema, akashangazwa na elimu ya mkwewe, akalizibia nta mpya ili lisipumue sana.

Siku ilipofika, uwanja wa soko ulijaa watu. Mwamuzi kutoka Migori, afisa wa kilimo wa serikali, aliitwa Gisiri, Mkuria mrefu mwenye sauti ya upole, na juu ya meza yake alipanga chupa kadhaa na kidude kama darubini ndogo. Akawaeleza watu kwamba akidondosha tone la maji ya chungwa kwenye kioo cha kile kidude na kuchungulia kuelekea mwanga, ataona kiasi cha sukari. Chupa zilikuwa za kupimia ukali. "Na cha tatu ni ulimi," akasema, "huo nimekuja nao mwenyewe." Watu wakampenda hapo hapo.

Jedidah alitandika kitambaa cheupe, akayapanga machungwa yake ya manjano kama mnara. Watu walisimama kuyapiga picha. Willis alifika amechelewa, na karai lenye machungwa ya kijani, mengine yana madoa ya kahawia, moja bado lina jani lake.

"Baba Lorine, hizi umetoa wapi, kwa takataka?" akauliza mtu, na kicheko kikapita uwanjani.

"Zimetoka mtini asubuhi hii," Willis akajibu. "Sikuwa na nafasi ya kuchuma mapema."

Kila mtu alijua kwamba maana yake ni kwamba hakuwa na hamu ya kuchuma mapema. Willis alikuwa mvivu, na hakuona sababu ya kuficha. Michungwa yake ilikaa na matunda mpaka watu wakaisahau.

Gisiri akaanza na ya Willis. Akakata, akadondosha tone, akachungulia, akanyanyua nyusi. Akachanganya kwenye chupa, maji yakageuka waridi upesi. Akaonja, kisha akaendelea kula mpaka akabaki na ganda. "Sukari nyingi, ukali kidogo wa kulichangamsha," akasema. "Hili lilikaa mtini hadi likamaliza kazi yake." Kicheko kikakatika. Jedidah akaona wanachama wanaanza kulitazama lile karai kwa macho mapya, akajiambia ngoja, bado.

Gisiri akaja kwenye mnara wa manjano. Akachagua chungwa la juu, akatia kisu.

Chungwa likasema, fsssss.

Watu wa mbele wakarudi nyuma. Maji yakaruka yakamwagikia mwamuzi kwenye mkono wa shati, na harufu moja ikapanda polepole juu ya meza, ikatembea kati ya watu, ikawafikia wazee waliokaa kwenye benchi, nao wakanyanyua vichwa kwa pamoja kama ng'ombe waliosikia mvua.

James, kwa mapenzi ya mke wake, hakungoja kukaribishwa. Alikuwa amejisifu tangu asubuhi. Akanyakua kipande, akakila. Akasimama. Akachukua cha pili, akakitafuna akiwa amefumba macho. Cha tatu akakishika tu mkononi, akaita kwa sauti ya chini ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Jedidah."

"Nini?"

"Hii kitu naijua."

"Unaijua vipi? Ni chungwa!"

"Hapana, mama. Hii tulipotezana miaka mingi."

Hapo uwanja ulivunjika. Wanawake waliketi chini kwa kucheka. Gisiri akajitahidi kubaki afisa wa serikali. Akachungulia kidude chake, akafuta kioo, akachungulia tena.

"Ajabu ni kwamba sukari yake ni kidogo kuliko ya yale ya kijani," akasema. "Na ukali uko juu. Hili lilichumwa changa. Halafu mtu akalitia sukari, na chachu ikaingia pamoja nayo. Hiyo chachu imekaa kwenye joto ikila sukari, ikaacha pombe na hewa. Ile hewa ndiyo mmesikia." Akaligeuza ganda, akalikwaruza kwa ukucha karibu na kikonyo. "Na hii hapa ni nta."

Willis akainama akatazama kile kitundu. "Mama Orina," akauliza kwa heshima zote, "kwani ulipeleka machungwa chanjo?"

Jedidah alihisi moto ukipanda kutoka miguuni hadi kwenye kilemba. Maneno yalimjia mengi kwa wakati mmoja: kwamba ni wezi, ni wachawi, ni huyu mtu wa Sindo aliyepita ua usiku. Akafungua mdomo. Ndipo akamwona Beverly katikati ya watu, amejiziba uso kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Mkwe wake alikuwa anacheka mpaka machozi yanampita katikati ya vidole, na anajitahidi asionekane, kwa adabu. Jedidah akaona kwamba hata uongo mzuri hautamfaa tena siku hiyo.

"Sindano ni yangu," akasema kwa sauti ile ile ya kanisani. "Nta ni yangu. Lakini pombe sikuitia mimi, imejitengeneza yenyewe. Mjue basi jinsi kitu hiki kilivyo kijanja: hata ukikifukuza mlangoni, kitaingia kwa tundu la sindano."

Wakampigia makofi. Baadaye watu walisema lilikuwa somo lake bora kuliko yote aliyowahi kutoa kuhusu pombe.

Willis akashinda, miche ikapewa jina lake. Jedidah naye hakukosa la kwake, kwa maana vijana wa Rangwe walianza kuita kinywaji chochote cha kulewesha "Jedidah", na wikendi ungemsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba jana alipiga Jedidah mbili akashindwa kupata njia ya nyumbani. Alipolisikia mara ya kwanza, akiwa dukani, alimfukuza aliyesema mpaka kwenye kituo cha pikipiki.

Baraza la kanisa lilimwita. Wazee walikaa wakiwa wamenuna, kwa sababu walijua wakitazamana watacheka. Wakamhoji James kwanza, shahidi mkuu.

"Ndugu Monari, ulikula vipande vingapi?"

"Viwili. Cha tatu nilishika tu."

"Na ulilewa?"

James akafikiri kwa uaminifu. "Sikulewa. Nilikumbuka tu."

Mzee mmoja alitoka nje ghafla, akidai kuna simu. Walipotulia wakakata shauri: Dada Jedidah aache idara ya kiasi mpaka makambi ya Agosti, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka, yapite, na kwenye hayo makambi ahudumu jikoni. Jedidah akapokea bila kubisha. Jikoni alikabidhiwa sufuria, kuni, na matunda ya wageni wote.

Hapo ndipo jambo lilipomshika vizuri. Hakutaka kuaibika kwa chungwa mara ya pili. Akamwomba Willis ruhusa ya kuingia shambani kwake na kisu, akawa anakwenda kila baada ya siku chache, anakata chungwa la tawi hili, anaonja, anakata la tawi lile. Aliyaonja ya juu na ya chini, yaliyotazama ziwa na yaliyotazama mlima. Alilisikia lile jambo la Beverly mdomoni mwake mwenyewe: wiki hii ukali uko mbele na sukari nyuma, wiki inayofuata vinakwenda bega kwa bega, kisha ukali unarudi nyuma na kubaki kidogo tu pembeni ya ulimi. Akagundua pia kwamba mti mmoja hauna utamu mmoja. Willis alimtazama kutoka kwenye kiti chake, akidhani ni majuto yanamtembeza.

Makambi yalipokaribia, Jedidah akaagiza kwa jirani yake magunia ya machungwa. Willis akayaleta mwenyewe kwa mkokoteni mpaka mlango wa jiko la makambi, nje ya Rangwe, amejaa majivuno. "Willis halisi," akasema. "Sihitaji hata kuyasifu."

Jedidah akafungua gunia la kwanza, akakata moja, akaonja, akaitikia kwa kichwa. La pili, vivyo hivyo. Katika la tatu alionja moja, akachukua jingine la gunia hilo hilo, akalionja pia. Akalifunga gunia.

"Hili rudisha."

"Kwa nini? Si yote ni ya mti mmoja!"

"Mti mmoja, lakini hizi umechuma ndani, kwa matawi ya kivuli. Jua halikuzifikia. Zile za nje, za upande wa jua, ndizo tamu. Wewe uliona kuzunguka mti ni kazi, ukaingiza mkono hapo chini ukajaza gunia."

Willis akamtazama James, aliyekuwa anamenya viazi pembeni. James akainua mabega, kana kwamba anamwambia mwanamume mwenzake asijisumbue.

"Mama Orina," Willis akasema mwishowe, "yaani hata huo uvivu unasikia kwa ulimi?"

"Unasikika wazi. Una ladha ya ndimu."

Willis akacheka mpaka akaegemea mkokoteni. Akalipakia lile gunia, akageuka na kuanza kurudi Rangwe kwenye jua kali, na kabla hajafika barabarani Jedidah alikuwa amekwisha kumwita James aache viazi, amfuate jirani, amsaidie kuchuma.